Bernadeta: Yuko ao Iko?

Wiki mbili zilizopita mkwe wangu alikuja kunisalimu akitoka kutengeneza mashine ya kusaga mahindi. Alikuwa amenawa mikono kwa sabuni mara mbili, kwa heshima ya mama mkwe, lakini aliponipa mkono ile harufu ilikuwa bado imo ndani ya kucha: grisi nyeusi, iliyochanganyika na moshi na chuma. Niliushika mkono wake muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Akadhani naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimerudi katika jiko la mama yangu, kijijini Kirolirwe, milimani Kivu, nina miaka minane au tisa, ukungu umelala juu ya malisho, na ninamchukia mtu ambaye sijawahi kumwona kwa macho.

Ninyi mliozaliwa wakati wangu mnaikumbuka baridi ya milima yetu. Miezi ya kiangazi ng'ombe walitoa moshi puani hadi saa nne, na maji ya kunawa uso yaliuma mifupa. Katika miezi hiyo, Jumapili baada ya misa, wanaume watatu walijazana jikoni kwetu kando ya moto, wakazungumza juu ya treni. Mmoja alikuwa baba yangu. Wa pili alikuwa Papa Anselmi, jirani yetu, mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la Mzungu. Wa tatu alikuwa Papa Gaspari, mtu wa Kibua, kule msituni Walikale, ambaye alipanda kwetu kila baada ya wiki chache na mafuta ya mawese ili arudi na maharagwe.

Walipokuwa vijana, wote watatu walikuwa wamechukuliwa kwenda kufanya kazi ya reli upande wa Kindu. Gaspari alipasua kuni na kujaza maji. Anselmi alifunga breki kwenye behewa la mwisho. Baba yangu alitia kuni motoni, ndani ya kichwa chenyewe cha treni. Walikaa huko miaka saba, kisha wakarudi kulima na kuoa, lakini ile reli haikuwatoka. Milimani kwetu hapakuwa na reli hata ya urefu wa fimbo. Watu wengine walizungumza juu ya mvua na ndama. Hawa wakazungumza juu ya treni, maneno yale yale, Jumapili baada ya Jumapili, na hawakuyachoka.

"Anselmi, funga mulango," Papa Gaspari alikuwa akianza, amevaa makoti mawili na blanketi juu yake, maana mtu wa msituni baridi yetu ilimtesa sana. "Banadamu wanaishi namuna gani huku juu?"

"Mulango imefungwa. Ile unasikia ni meno yako."

"Cheka tu. Siku ile ya mvua kubwa ulikuwa unacheka? Na zile wago zote kumi na ine nyuma yetu?"

"Kumi na sita."

"Kumi na ine! Weye ulikuwa unalala ku breki, ulihesabu saa ngapi?"

"Mutu wa breki anahesabu, Gaspari, sababu yeye njo wa mwisho kujua kama treni imekatika. Petro, mwambie."

Petro ndiye baba yangu. Yeye hakuhesabu wago, yaani mabehewa, kumi na nne wala kumi na sita. Alifumba macho, akavuta pumzi, akaweka mikono mdomoni na kupiga ile honi ya daraja la mwisho, ndefu, yenye kutetemeka mwishoni, hata kuku wa mama wakaruka kutoka jikoni. Papa Anselmi akasema taratibu, "Njo yeye. Njo yeye kabisa," yaani ndiye huyo.

Mashine yao ilikuwa na jina. Mzungu wa kwanza aliyeiendesha aliandika kwa chokaa jina la binti yake kando ya mlango. Mvua ilifuta chokaa, lakini jina lilibaki midomoni mwa wafanyakazi. Iliitwa Bernadeta.

Ninyi mnaosoma mnajua basi Bernadeta ni nini. Mimi sikujua. Sikuwahi kuona treni hata katika picha. Nilisikia wakisema, "Wakati tulikuwa ku treni," kama watu walivyosema ku Sake au ku Masisi, nikaamini kwamba Treni ni kijiji, mbele ya Kibua, penye joto na mto mkubwa. Na katika Kiswahili chetu cha Kivu neno *iko* linatosha kwa kila kitu kilichoumbwa. Mutu iko, mbuzi iko, jiwe iko. Mwenye kusikia ndiye anayepaswa kujua kama linalosemwa lina roho au halina.

Kwa hiyo nilikaa nyuma ya mama, nikimenya viazi, na haya ndiyo niliyosikia kutoka kinywa cha baba yangu:

"Bernadeta iko na roho muzuri. Haiko na kiburi kama zingine."

"Pale ku daraja iko nalia, mpaka unasikia huruma."

"Nilikuwa naamuka saa kumi ya alfajiri, mbele ya wote, kuwasha moto ya Bernadeta, kusudi ipate joto polepole. Ukiharakisha, utaiumiza."

Na Jumapili moja, akicheka, akijipangusa macho kwa sababu ya moshi: "Munajua, Bernadeta njo mutoto yangu wa kwanza."

Kisu kilinikata kidole. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wake wa kwanza, na wakati ule wa pekee, maana wadogo zangu wawili Mungu alikuwa amewachukua kabla hawajatembea. Nilibeba jina la mama wa baba yangu, na kwa ajili hiyo aliniita Kamama. Nilidhani jina hilo ni kiti ambacho hakuna mwingine amewahi kukikalia.

Kesho yake nilimwuliza mama akiwa anachuja maziwa ya kugandisha mashanza, mtindi wetu.

"Mama, Bernadeta iko mukubwa kuniliko?"

Mama alicheka bila kuinua kichwa. "Kukuliko weye? Iko mukubwa kupita hii nyumba."

"Na iko muzuri?"

"Uliza baba yako. Iko mweusi tii, na mafuta mwili muzima, asubui na mangaribi. Baba yako njo alikuwa anaipakaa kwa mikono yake. Miye hajanipakaa hata siku moja." Akasonya, lakini kwa kicheko. "Ule Bernadeta alikula ujana wake yote."

Nilikwenda kukaa nyuma ya zizi. Mafuta mwili mzima! Sisi, chupa ya mawese ya Papa Gaspari ilitumika kwa kipimo cha kijiko, na miguu yangu ilipasuka kwa baridi hata ikatoa damu. Na kuamka saa kumi ya alfajiri ili binti apate joto polepole! Mimi nililala kwenye mkeka karibu na mafiga, na kila asubuhi niliamka majivu yakiwa yamepoa, nikitetemeka, mpaka mama alipokuja kupuliza moto. Hakuna aliyeogopa kuniumiza kwa kuharakisha.

Wivu wa mtoto ni kitu kizito, na niliubeba kila mahali. Nilijaribu kwanza kwa wema. Nilileta kuni bila kutumwa. Nilisimama mbele ya baba nikamsomea ukurasa mzima wa katekisimu kwa kichwa. Alisikiliza, akanipapasa kichwa, akasema, "Vizuri, Kamama," kisha akageukia wenzake: "Mulisema wago ngapi?" Baada ya hapo nilijaribu kwa ubaya, na ubaya wangu niliupeleka kanisani, mahali ambapo hata leo naona haya kuusema. Wakati wa rozari, watu wote wakiomba kwa ajili ya wagonjwa, mimi nilimwomba Bikira Maria afanye Bernadeta augue.

Basi fikirini nilivyoganda siku ile Papa Gaspari alipoingia, akaweka chini kibuyu cha mafuta, na kabla ya kulalamikia baridi akasema, "Petro, nina habari mubaya. Bernadeta haiwezi tena. Iko na uzee, kifua inapasuka. Dereva wa kamio alitoka kule. Kisha kiangazi hii, watapumuzisha Bernadeta."

Baba aliangalia mikono yake. Mimi niliangalia yangu, maana niliona sala yangu imefika. Niliogopa kwa dakika moja, na baada ya dakika hiyo nilifurahi. Namshukuru Mungu kwamba ananipa uzee wa kutosha kukiri jambo hilo.

"Tutaenda," baba akasema. "Sisi watatu. Tuiage."

"Na mukamuaji wa ng'ombe atapewa ruhusa?" Papa Anselmi aliuliza.

"Mwambie Mzungu wako kama mutu wa jamaa iko nakufa."

"Hiyo si uongo?"

Papa Gaspari akafikiri. "Kidogo," akasema.

Wakati ule mtu hakutoka katika eneo lake bila karatasi ya njia. Baba alitembea hadi ofisini mara mbili akarudi mikono mitupu, na mara ya tatu alirudi ameishika, imekunjwa ndani ya kitambaa. Aliiweka katika kopo lake. Kopo lile lilikuwa la grisi ya zamani. Ndani yake alitunza kitambaa kimoja cheusi alichotoka nacho Kindu, na mara nyingine nilimkuta akikifungua na kunusa tu, akafunga. Kamio, yaani lori, la kwenda Walikale lingepita njia kuu siku ya Jumanne. Jumatatu mchana, mama akiwa shambani na baba akiwa ameenda kuazima viatu, nilifungua kopo. Harufu ile ilinipiga usoni: mafuta yake, nilijiambia, mafuta ya mwili wa yule binti. Nilichukua karatasi, nikaenda kuificha chini ya jiwe bapa karibu na chemchemi.

Sikutaka kuiharibu. Nilitaka kamio lipite tu, baba akiwa upande wangu.

Alfajiri ya Jumanne alitafuta katika kopo, chini ya kitanda, ndani ya kitabu cha nyimbo, mifukoni mwa koti lake na mwa mama. Alitafuta kwa magoti, akipitisha viganja juu ya udongo wa sakafu. Papa Anselmi na Papa Gaspari walisimama mlangoni na mizigo yao.

"Petro, kamio haitangoja."

"Ilikuwa humu. Niliiweka miye mwenyewe humu."

"Kamama," Papa Gaspari akaniuliza, "haukuona karatasi ya baba yako?"

"Hapana, Papa."

Baba hakuniuliza. Ndilo jambo ambalo bado naliona: hakupata wazo la kuniuliza. Aliinuka, akapangusa magoti, akawaambia wenzake, "Mwende. Muipigie honi kwa miye." Walikwenda. Tulisikia kamio likipanda, likabadilisha sauti kwenye kona, kisha hapakuwa na sauti tena. Jioni, katika sala ya nyumbani, aliongoza kama kawaida na kusema, "Aksanti, Mungu, kwa siku hii umetupa." Nilikuwa nimemshinda Bernadeta, na viazi vyangu nilivirudisha chunguni.

Siku ya pili nilikwenda kwenye chemchemi. Umande na maji vilikuwa vimeingia chini ya jiwe; maandishi yote yalikuwa yamekimbia, na karatasi ilikuwa ya samawati tupu, kama anga. Niliisukuma majini, ikaenda.

Baba hakubadilika, ila Jumapili alikaa jikoni peke yake. Nilikuwa nimempata mzima, bila mtu wa kugawana naye, lakini aliutazama moto tu. Nilimsomea tena katekisimu. "Vizuri, Kamama," akasema.

Katika wiki hizo, shuleni, Sista alianza kutunyoosha Kiswahili. Aliweka kitabu juu ya meza. "Kitabu kiko. Meza iko." Akamvuta mtoto mmoja mbele. "Mtoto yuko. Mwenye roho, *yuko*. Msiseme mtoto iko, mtoto si meza." Tuliimba pamoja mpaka madirisha yakalia. Kwangu ilikuwa kama mtu amewasha taa. Niliinua mkono.

"Sista, kama mutu anasema Bernadeta iko?"

"Anakosa. Bernadeta ni mtu, na tena ni jina la mtakatifu. Bernadeta yuko."

Nilirudi nyumbani nimehukumiwa: nilikuwa nimemwombea mtu ugonjwa. Na bado kulikuwa na kitu kilichonisumbua njiani: baba alisema iko kwa watu wote. Hata mimi aliponitafuta aliita, "Kamama iko wapi?" Kumbe mbele yake mimi na mbuzi na huyo dada yangu tulikuwa sawa, na hakuna aliyejua nani ana roho isipokuwa yeye.

Papa Anselmi na Papa Gaspari walirudi baada ya wiki tano. Ilikuwa Jumapili, baridi kali, na mama aliwapa viazi vya moto kabla hawajaketi. Baba alikuwa amewaita kwa macho tangu waliposhuka kilimani. Papa Anselmi alikula kiazi kimoja, akameza, akasema:

"Tulikuta wameisha kuanza."

"Kuanza nini?"

"Kukata. Wanakata Bernadeta kwa moto, Petro. Walianzia tumbo. Kichwa iko peke pembeni, ndani ya majani."

Nilipiga kelele. Sijui niseme nini zaidi. Ilikuwa kelele ya mtu anayeona damu. Mama alidondosha sufuria. Nilijitupa chini nikimshika baba miguu, nikilia kwamba sikutaka wamkate, kwamba niliomba augue tu, augue kidogo, kwamba nitamwomba Bikira Maria arudishe.

"Nani?" mama alisema. "Nani huyo?"

"Dada yangu! Bernadeta!"

Walitazamana. Kisha Papa Gaspari alianza, na blanketi lake likaanza kutikisika, akaanguka kutoka kwenye kigoda, akalala chali akicheka huku akisema, "Dada yake! Tani makumi! Dada yake!" Papa Anselmi aliegemea ukuta akilia machozi. Hata mama alificha uso kwa kitenge. Baba peke yake hakucheka. Aliniinua kwa makwapa, akanisimamisha mbele yake, na mimi, kati ya kwikwi, niliuliza swali nililolibeba tangu shuleni:

"Papa, Bernadeta yuko ao iko?"

Hakuelewa. Sista hakuwa amemfundisha. Nilimweleza, kwa kamasi na machozi: mwenye roho yuko, kitu iko, na mtoto si meza. Na baada ya hapo, kwa sababu alikuwa ananisikiliza mimi tu kwa mara ya kwanza tangu miezi mingi, nilimweleza pia habari ya chemchemi, na jiwe, na karatasi ya samawati.

Kicheko kilikufa. Papa Anselmi alisema kwa sauti kavu, "Huyu mutoto anastahili fimbo. Ungeiona mara ya mwisho, Petro. Kama tungekuwa watatu labda wangekubali kusimama siku moja."

"Acha, Anselmi."

"Miaka saba ulitia moto ndani yake."

"Nimesema acha."

Papa Anselmi alitoa mfukoni kitu kidogo, akakiweka kiganjani mwa baba: kifuniko cha shaba, cha kichupa cha mafuta, bado na grisi. Ndicho kilichobaki cha Bernadeta. Baba alikizungusha kwa kidole gumba. Alikizungusha muda mrefu, na mimi nilisimama nikingoja fimbo, na niliona kwa mara ya kwanza mtu mzima akipoteza kitu bila kupiga kelele. Kisha alikiweka chini, juu ya jiwe la jiko, na mikono yake yenye grisi ikashika uso wangu.

"Bernadeta iko," akasema polepole, akitafuta neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Ilikuwa chuma, Kamama. Chuma muzuri sana. Lakini iko." Akanivuta karibu. "Mutoto yangu yuko."

Niliungama kwa padri wiki ile, na padri alinipa kitubio chepesi, labda kwa sababu nilipofika kwenye tani makumi alihitaji kukohoa. Baba hakunikumbusha kamwe habari ya karatasi, hata nilipokuwa mama wa watoto, hata siku zake za mwisho. Ningetaka kusema kwamba wivu uliniacha siku ile, lakini wakati wanaume wale walipoanza tena na wago zao kumi na nne na kumi na sita, bado niliinuka nikaenda kukaa nyuma ya zizi.

Lakini nina ile asubuhi ya kesho yake. Niliamka kwa sababu sikutetemeka. Nje palikuwa bado na ukungu mweusi, na baba alikuwa amechuchumaa kwenye mafiga, upande wangu, akiweka kuni moja, akingoja, akiweka nyingine, akisogeza ile ya kwanza kwa ncha ya kidole. Hakupuliza. Moto ulipanda wenyewe, pole, mpaka ukanifikia miguu iliyopasuka.

"Papa, unafanya nini?"

"Lala. Ukiharakisha, unaumiza."

Nililala, nikiwa na harufu ya grisi usoni mwangu, bado haijatoka. Na nyuma ya ukuta wa matete sauti ya mama ilisikika, ya usingizi na ya hasira ya uongo:

"Na miye, Petro? Miye niko mutu ao niko meza?"

Baba alicheka kimya, mabega yakitikisika. Akachukua kuni mbili kubwa kati ya zile zilizobaki, akaenda kuwasha upande wa pili.